Mtini Wangu Bado Umelala

Jumamosi ya Aprili, saa kumi na moja jioni. Jua limewaka tangu asubuhi na halijapasha joto kitu chochote. Jua la Aprili la mji huu ni kama taa ya friji, linamulika tu. Nina udongo chini ya kucha, mgongo unauma, na nina hasira. Nimeamua kuandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu najijua. Hasira yangu ikipoa huwa naanza kuwaelewa watu, na nikishaanza kuwaelewa watu huwa nakubali.

Leo sitaki kukubali.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Justina, kwetu Bukoba, naishi Hallonbergen, hapa Sweden, ghorofa ya tatu, na binti yangu Kemi, ambaye ana miaka kumi na tisa na amezaliwa hapahapa. Nafanya kazi jikoni katika shule moja kule Jakobsberg. Nyuma ya jengo letu, kwenye ukuta unaotazama kusini, nina kipande cha ardhi cha hatua nne kwa mbili, na kwenye kipande hicho nina mtini. Ukija leo hutauona. Umelala chini ya udongo. Niliuzika mwenyewe mwezi wa Novemba, ukiwa hai.

Kesho ni siku ya usafi ya jengo. Kila mwaka theluji ikishaisha wakazi wote wanatoka na reki, wanafagia, wanachoma soseji, wanasalimiana kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kesho hiyohiyo, kwa mujibu wa kikao cha wakazi, mti wangu unatakiwa uwe umesimama na uonekane uko hai. La sivyo unang'olewa, na pale ukutani yanawekwa maegesho ya baiskeli. Mafundi wanakuja Jumatatu.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa nieleze tulifikaje hapa, maana lawama nyingine ni yangu.

Niungame la kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa kilimo. Nilifundisha sekondari miaka sita, kule Muleba, na wanafunzi walikuwa wakiniita Mama Mbolea nikigeukia ubao. Kwa hiyo siku Nahrin aliponipa kijiti cha mtini sikumuuliza hata swali moja. Nahrin ni mwenzangu wa jikoni, Mwashuri kutoka Syria, anaishi Tumba, na anakata vitunguu haraka kuliko mashine. Alikitoa kwenye mfuko wa koti kikiwa kimefungwa kwa karatasi iliyolowa, akasema uzao wake unatoka kwenye mti wa mama yake. Akaanza kunieleza habari ya majira ya baridi. Nikamkatiza. Nikamwambia miti naijua.

Mwalimu wa kilimo aulizie namna ya kutunza mti? Thubutu.

Kijiti kilitoa mizizi ndani ya ndoo tupu ya matango ya shule. Mwaka wa kwanza kilikaa dirishani kwangu. Mwaka wa pili nikakipanda nje, baada ya kumwomba ruhusa mwenyekiti wa wakazi, mzee mmoja anaitwa Göran. Hapa mwenyekiti anaitwa jina lake tu, hakuna cha Bwana wala Mheshimiwa, na mimi mpaka leo ulimi unakwama. Göran alisema sawa. Mti ukapanda majira yale yote ya joto, majani mapana kuliko kiganja changu, mpaka ukanifika kifuani. Ikaja Novemba, majani yakapukutika, nikasema sasa ngoja niwaonyeshe.

Kwetu ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, zinakatwa mbichi na kuvundikwa. Unachimba shimo, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika majani mengine, unaweka udongo juu. Hewa isiingie, joto lisitoke. Baba yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo, na mimi nilikuwa mpanga ndizi wake tangu nina miaka saba. Kwa hiyo nilipoona baridi inakuja nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Nikauvundika mti. Ulikuwa umesimama, lakini niliuvundika: nilijaza majani mabichi na nyasi zilizolowa, nikazungusha mifuko ya plastiki tabaka nne, nikafunga kwa utepe wa gundi kuanzia chini mpaka kileleni, pasibaki hata tundu la sindano. Mama Furaha wa ghorofa ya chini, Mkongomani kutoka Uvira, akaniangalia dirishani kwake nusu saa nzima. Mwishowe akafungua dirisha.

"Mama Kemi, ule mti utapumua wapi?"

Nikamjibu kwamba baridi ikikosa pa kuingia, mti hauna shida. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi wa Machi nilipokata plastiki, harufu iliyonijia usoni ilikuwa ya rubisi. Sitanii. Nilisimama kwenye theluji ya Sweden nikinusa harufu ya nyuma ya nyumba yetu Bukoba. Mti ulikuwa mweusi, una ukungu, gome linabanduka kwa kidole. Nilikuwa nimeutengenezea pombe. Niliufunika kwa gunia haraka kabla watu hawajatoka kwenda kazini, na kwa wiki nzima Mama Furaha akiniuliza hali ya mti nilimwambia bado unapumzika.

Mwezi wa Juni shina jipya likachipua kutoka mizizini. Nililia kwa furaha, nakiri. Ukapanda tena mpaka kiunoni, halafu kifuani, kama vile haukunitambua.

Majira ya pili ya baridi nikawa mwerevu kidogo. Nilitumia magunia makavu na lile godoro jembamba la Kemi la utotoni, na juu nikafunga mfarishi wa zamani wenye maua mekundu. Plastiki hakuna. Mti ulikaa vizuri. Tatizo ni kwamba ulionekana kama mtu amesimama ukutani akisubiri. Watoto wa jengo waliupita kwa kukimbia, na kuna mama mmoja aliniambia kwenye lifti, kwa tabasamu, kwamba kila asubuhi akienda kutupa takataka anaupa pole.

Sasa niungame la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya usafi ya mwaka jana Göran alikuja na chupa yake ya kahawa mkononi. Akaniambia, kwa upole, kwamba kila mtu anajitahidi uwanja upendeze, na kama ningeweza kuondoa lile furushi wangeshukuru. Hakuamuru. Angeamuru ningegombana naye. Aliomba, na watu kama ishirini walikuwa wamesimama na reki zao wakinitazama. Niligusa vichipukizi chini ya gunia, vilikuwa vimeanza kuvimba, laini kama masikio ya mwanakondoo. Nilijua ni mapema. Mimi, Mama Mbolea, nilijua. Nikasema sawa, nikafungua, watu wakapiga makofi, na soseji nikapewa.

Siku tatu baadaye ikashuka digrii saba chini ya sifuri. Asubuhi vichipukizi vyote vilikuwa vyeusi na vimelegea. Nilishuka kwenye chumba cha kufulia, nikawasha mashine bila nguo ndani ili mtu asinisikie, nikalia.

Kilichoniuma hakikuwa mti peke yake. Miaka ishirini iliyopita, nikiwa na mimba ya Kemi, nilikaa mbele ya dada mmoja mwenye sauti nzuri sana kwenye ofisi ya kutafutia kazi, nikamwekea vyeti vyangu vya ualimu mezani. Akavipitia, akanirudishia, akasema det går inte. Haiwezekani. Nikasema asante. Nikaviweka ndani ya sanduku, na mpaka leo vimo. Sikukata rufaa wala sikuuliza nisome nini niongeze. Sikuuliza hata kwa nini. Miaka mitatu iliyopita niliomba jikoni siku moja ya Ijumaa tupike maharage na ndizi. Haiwezekani. Asante. Nimesema asante mara nyingi sana katika nchi hii, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimeumizwa.

Mti ulichipua tena kutoka mizizini, mwezi wa Julai safari hii, kwa uchovu. Ukafika kiunoni tu.

Oktoba kikaja kikao. Kuna watu walitaka maegesho ya baiskeli pale ukutani, na sikatai, baiskeli zetu zinalundikana mlangoni vibaya. Wakajadili. Mmoja akasema mti wenyewe unakufa kila mwaka, sasa kuna faida gani. Göran akaleta suluhu: mti ubaki mpaka siku ya usafi, na siku hiyo ukiwa umesimama na uko hai, baiskeli zitatafutiwa pengine. Wakanigeukia. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na aibu, nilitaka kikao kiishe, na Kiswidi changu kwenye vikao huwa kinanikimbia.

Jumapili iliyofuata nilipanda treni mpaka Tumba, kwa Nahrin, nikameza kiburi chote. Nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya pombe. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akavaa buti, akanipeleka nyuma ya nyumba yao, akanionyesha kichuguu kirefu cha udongo.

"Umelala," akasema. "Wangu tumeshaulaza."

Nikamuuliza kwa nini chini ya ardhi, si baridi itaufuata huko huko? Akanijibu jambo ambalo nililiandika kwenye simu nikiwa bado nimesimama. Alisema baridi haina ugomvi na mtini. Mtini unaitaka baridi, ndipo unapata usingizi. Kinachouua ni kuamshwa na kulazwa, kuamshwa na kulazwa. Ardhini hakuna kuamshwa, pale chini hali ni moja tangu Novemba mpaka Mei.

Sisi tuliotoka kwenye joto tunaona baridi tunakimbilia mablanketi. Kemi alipokuwa chekechea walimu walinipigia simu kwamba mtoto anatoka jasho, amevaa sweta tatu. Nilidhani wanamwonea. Kumbe mti nao nilikuwa nikiuvalisha sweta tatu.

Basi Novemba tukauzika, mimi na Mama Furaha. Sikuweza peke yangu. Nahrin alinifundisha hatua zake: punguza matawi, yafunge pamoja kwa kamba, chimba mfereji mrefu kama mti, halafu kwa upande mmoja tu kata mizizi kwa sepetu, ili mti uweze kulala upande wa pili bila kuvunjika. Kukata ile mizizi kulinishinda. Mara tatu niliinua sepetu nikaishusha. Mama Furaha akaninyang'anya, akakata, akanirudishia. Tukausukuma taratibu, ukalia kidogo kwenye shina, ukalala. Tukaweka wavu wa waya kuzuia panya, mbao juu yake, majani makavu, udongo, na turubai ili maji ya theluji yasituame.

Mama Furaha akakataa kuondoka hivihivi. Akasema kwao kitu hakifunikwi udongo watu wakiwa wamenyamaza. Akaimba wimbo wa kanisani kwao, ubeti mmoja, na ana sauti ya kwaya, haina kipimo. Madirisha yakafunguka. Kesho yake Göran alinisimamisha kwenye ngazi, akanipa pole, akaniambia kuna wakazi wamemwandikia wakiuliza kama ni halali kuzika mbwa uwanjani. Nikamwambia ni mti. Akasema naelewa. Hakuelewa.

Majira yote ya baridi nimepita pale nikienda kazini na kurudi. Theluji ilikaa juu yake muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii niliiombea theluji isiondoke. Nilikuwa nikiusalimia mti pale, kimoyomoyo. Sijui kama ni uzee unaanza.

Sasa turudi leo.

Jana jioni nilimpigia Nahrin. Nikamwambia Jumapili natakiwa niwe nimeusimamisha. Akauliza hali ya hewa ya huku inasemaje. Nikamsomea: katikati ya wiki, digrii tano chini ya sifuri, siku mbili mfululizo. Halafu akasema wake hausimami kabla ya Mei, hata aje mfalme kuutazama.

Asubuhi nikashuka na sepetu. Nilijipangia nifukue kichwani tu, upande wa kilele, nione kama uko hai, kisha niamue. Nikatoa turubai, nikatoa udongo kwa mikono. Majani yalikuwa makavu bado. Hakuna harufu yoyote, ila ya ardhi. Nikanyanyua ubao wa kwanza, nikaona matawi yakiwa vilevile nilivyoyafunga, ya kijivu, kamba haijalegea. Nikakwangua gome kwa ukucha.

Kijani.

Nikakwangua tawi jingine, kijani. Nikakata ncha moja kwa mkasi, likatoka tone la utomvu mweupe, zito, likakaa pale kwenye kidonda bila kudondoka. Nilipiga magoti kwenye udongo nikamwambia Mungu asante, na hiyo asante ilikuwa ya kweli.

Göran akatokea, maana alikuwa akigawa reki za kesho. Akainama. Nikamkwangulia tawi aone. Akagusa ule utomvu kwa kidole, akausugua, akatabasamu kweli, si lile tabasamu la kupishana ngazini.

"Upo hai," akasema. "Safi sana, Justina. Basi kesho unausimamisha, watu wanaona, kazi imekwisha."

Na ndivyo ilivyo. Hapo ndipo penye mtego. Kesho nikiusimamisha nimeshinda. Baiskeli zitatafutiwa pengine, watapiga makofi, soseji nitapewa. Jumatano utakufa.

Nikamweleza. Kiswidi changu kilikuja, sijui kilitoka wapi, neno baada ya neno. Nikamwambia mti huu una nusu ya mizizi yake. Nikamwambia kuhusu Jumatano. Nikamwomba wiki tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tyvärr, lile neno lao la kwa bahati mbaya, ambalo likitamkwa ujue mlango umeshafungwa. Mafundi wameshapangwa Jumatatu. Kikao kilisema umesimama na uko hai. Yeye binafsi hana shida, lakini akifungua mlango kwangu atafungua kwa wote.

Kemi alikuwa ameshuka na takataka, akasimama pembeni.

"Mamma, alla tittar," akaniambia kwa sauti ya chini.

Kweli, wote walikuwa wakitazama, kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka ya tano. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba macho hayana pazia, waache watazame.

Kemi akaja na wazo, na halikuwa wazo baya. Akasema nausimamisha kesho mchana, watu wanaona, jioni naulaza tena. Nikamwambia mizizi iliyobaki ni ya upande mmoja, ukiinua na kulaza na kuinua tena inakatika. Mti si mgonjwa wa kuamshwa kila mgeni akija. Ndipo akasema lile lililonichoma, kwamba Oktoba si nilikubali mwenyewe? Nilisema ndiyo mbele ya watu wote.

Nilikubali. Mtoto hakusema uongo.

Mama Furaha naye, ambaye nilimtegemea, alikuwa dirishani kwake na kikombe.

"Mama Kemi, simamisha tu, ma chère. Mungu atauchunga. Uko unagombana na jengo nzima sababu ya baridi ya siku mbili?"

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu, na sepetu. Mwenyekiti anangoja jibu. Binti yangu amevuka mikono. Nilikuwa na maneno mawili tayari kwenye ulimi, sawa, nitausimamisha, na nilijua ladha yake, maana nimeyala miaka ishirini.

Nikarudisha ubao. Nikarudisha majani, nikayashindilia kwa viganja. Nikavuta udongo kwa mikono yote miwili, nikaweka turubai, nikaweka mawe pembeni, jiwe baada ya jiwe, sikuharakisha hata moja. Göran akaniita jina mara mbili. Nilipomaliza nikasimama, nikajifuta magoti, nikamwambia kwamba mti nimemwonyesha, uko hai ameushika kwa kidole chake, na utasimama Mei. Akauliza kama naelewa kwamba kesho saa nne watu wanakuja kusafisha ukuta ule kwa sepetu. Nikamwambia naelewa sana.

Sasa nimekaa hapa jikoni kwangu na nimetulia kuliko nilivyotarajia. Naendelea kujiuliza maswali. Je, ni haki kuvunja neno la kikao? Nilipowafundisha watoto Muleba niliwaambia neno ni deni. Lakini wale walionipa lile sharti hakuna hata mmoja aliyeniuliza mti unataka nini, na mimi niliyejua ndiye niliyenyamaza. Neno langu la Oktoba lilikuwa neno la mtu mwenye aibu. Nitawaambia hivyo kesho, mbele ya wote, kwa Kiswidi changu kilivyo, na nitaomba kura ipigwe upya. Wakikataa, nitaomba tena. Liwalo na liwe.

Kemi amekuja jikoni akauliza kesho nashuka saa ngapi kuulinda mti. Nikamwambia saa tatu, kabla hawajafika. Akasema yeye kesho ana zamu dukani mpaka saa nane. Nikamwambia hakuna neno. Akafungua friji, akafunga, akarudi chumbani kwake.

Kiti cha balkoni nimeshakishusha. Nimekiweka katikati ya udongo, juu ya turubai, pale shina lilipo. Nitavaa koti lile zito na buti za kazini. Nitachukua chai ya tangawizi, na kile kitambulisho cha mkazi wanachopenda kukiona, ili asiwepo wa kusema mimi ni nani. Anayetaka kuchimba pale atanihamisha kwanza, na mimi ni mama wa kilo tisini na mbili, sina haraka.

Kama Jumatano utakufa hata huko chini, utakufa. Panya wapo, maji yapo, sijui kila kitu, hilo nimelijua kwa gharama. Ila mwaka jana baridi haikuuua peke yake. Mimi niliuvua nguo mbele ya watu, na nilikuwa najua, kwa sababu niliombwa vizuri.

Kesho wataniomba vizuri tena.

Kesho sina adabu.